Mawe Manne Kwenda Zhengzhou

Siku ya 1, Mwanza

Mawe manne, kilo kumi na moja na nusu. Nimeyafunga kwenye khanga kuukuu, kila moja na karatasi yake, na juu nimeweka kibali cha sampuli kutoka ofisi ya madini. La kwanza ni jiwe la chuma lenye mistari kutoka Geita: mstari mwekundu, mstari mweusi, na katikati ukanda wa kijivu ambao ukivunjika unakata mkono kama kioo. La pili ni jiwe la kijani, nalo la Geita. La tatu ni graniti ya hapa Mwanza, ndugu wa yale majabali yanayokaa juu ya vilima vyetu. La nne ni jiwe la mchanga kutoka Kigoma.

Kwa miaka minne nimekuwa nikiuza biti za almasi, yaani vichwa vya kuchorongea miamba, kwa wachorongaji wa Kanda ya Ziwa. Zinatoka China, na si mbovu. Kwenye jiwe la kijani zinakula mita vizuri. Zikifika kwenye jiwe la chuma, mita chache tu na zinaacha kukata. Ukiitoa biti unakuta uso wake unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Almasi zimo, lakini zimesagika vichwa na nyingine hazichomozi. Drila, yaani fundi wa rigi ya kuchoronga, anaongeza uzito, maji yanapita, rigi inatetemeka, jiwe limekaa palepale. Mwezi uliopita mteja mmoja alirudisha biti tatu kwa mpigo. Aliziweka mezani kwangu, akakaa kimya.

Barua pepe za kuwaeleza watengenezaji, kule Zhengzhou, China, nimeandika za kutosha. Safari hii yanakwenda mawe yenyewe.

Usiku huu namfikiria baba. Alifanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, upande wa kuchambua. Alikuwa akitusimulia kwamba almasi haishiki maji ila inashika grisi: changarawe yenye maji ikipitishwa juu ya meza iliyopakwa grisi, mawe mengine yote yanateleza, almasi inanasa. Watu wanaikumbuka ile ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 na kwenda kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Baba alipenda kuzisimulia zile za kahawia na nyeusi, zisizofaa pete. Alisema hizo ndizo zinazofanya kazi.

Siku ya 2, Dar es Salaam

Afisa wa ukaguzi uwanjani alifungua khanga, akageuza jiwe la Kigoma mara mbili. "Mama, unapeleka mawe China? Kwao hayapo?" Nikamwambia yapo, lakini haya hayapo. Akasoma kibali mstari kwa mstari, akanifungia khanga vizuri kuliko nilivyoifunga mimi. Nimemshukuru. Ndege ya Guangzhou inaondoka usiku.

Siku ya 3, Guangzhou

Nimelala mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika wafanyabiashara wamezoea kufikia. Kwenye meza ya chakula nimekutana na baba mmoja wa Lubumbashi anayenunua vipuri vya magari. Aliposikia nafuata nini alinyamaza kidogo, kisha akaniambia marehemu kaka yake mkubwa aliishi Mbuji-Mayi, huko Kasai, akichimba almasi kwa koleo. "Mama, sisi banachimba, bengine banapanga bei." Akaendelea kula.

Neno lake limenikaa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, sehemu kubwa kabisa ya almasi za viwandani duniani ilitoka Kongo, huko Kasai. Nyingi zilikuwa chafu, zile zinazopondwa kuwa unga. Bila unga huo hakuna anayenoa zana za kabaidi ya tungsteni, zile ngumu sana za kukatia chuma, na bila zana hizo hakuna injini ya ndege wala mzinga. Wamarekani waliona hatari ya viwanda vyao kutegemea mgodi mmoja wa mbali. Hofu hiyo ndiyo iliyowasukuma wakuu wa kampuni kutoa fedha za kujaribu jambo ambalo wengi waliliona la kichawi: kupika almasi. Waswidi wa kampuni ya ASEA walifanikiwa Februari 1953, wakakaa nalo kimya. Desemba 1954 mkemia Tracy Hall akafanikiwa kwenye maabara ya kampuni ya General Electric, Marekani, na mwaka uliofuata kampuni ikautangazia ulimwengu.

Kwa hiyo hadithi ninayoifuata China ina mzizi Kasai. Baba wa Lubumbashi alikuwa haijui sehemu hiyo. Nilimweleza hadi chai ikapoa, akaniomba nimwandikie miaka kwenye karatasi apate kuwapelekea watoto wake.

Siku ya 4, garimoshi

Guangzhou hadi Zhengzhou, kilomita kama 1,600, zaidi ya saa sita. Reli hii ya mwendokasi iliunganishwa yote mwisho wa mwaka 2012. Mawe yako miguuni. Dirishani mashamba ya mpunga yalianza kuwa ya ngano, milima ikaisha, kukawa tambarare.

Stesheni alinipokea kijana wetu, Mtanzania anayesoma uhandisi hapa Zhengzhou, ambaye atanitafsiria. "Shikamoo mama. Huo mzigo nipe mimi." Akaubeba, akashtuka uzito wake, akaubeba hivyo hivyo.

Siku ya 5, Zhengzhou

Leo tulikuwa huru hadi mchana. Kijana akanipeleka mahali ambapo mimi nisingepafikiria: kiwanda cha zamani cha mawe ya kunolea, ambacho wenyeji wanakiita Erza. Siku hizi ni eneo la sanaa na migahawa, lakini mabanda yamesimama. Paa lake ni la meno ya msumeno, vioo vyote vikitazama kaskazini ili mwanga uingie sawasawa bila jua kali kumpiga fundi machoni. Nilisimama ndani nikanyoosha mkono. Kivuli chake kilikuwa hafifu, hakina upande.

Kiwanda hiki kilisanifiwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Ujenzi ulianza 1956, uzalishaji 1964. Nchi isiyo na mawe ya kunolea haiwezi kunoa kisu cha mashine yoyote, kwa hiyo haiwezi kutengeneza mashine. China ililijua hilo ikatafuta anayejua. Miaka minne baada ya Erza kuanza kazi, mwaka 1968, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa mkopo na mafundi wa China. Aliyefundishwa jana akaja kufundisha kwetu. Marehemu mama alikuwa na khanga za Urafiki, na sikupata kujua kwamba historia ya nguo ile inapita karibu na Wajerumani na mawe ya kunolea.

Karibu na hapo, mwaka 1958, ilianzishwa taasisi ya utafiti wa vifaa vya kusaga na kunoa. Wataalamu wake walishirikiana na wenzao wa Beijing, na mwaka 1963 wakapata almasi ya kwanza ya China iliyotengenezwa na binadamu. Tuweke hesabu sawa: Wasovieti, chini ya Leonid Vereshchagin, walikuwa wamefanikiwa 1960, na mwaka 1961 Kyiv ikaanza kuzalisha chini ya Valentyn Bakul, ambaye taasisi ya vifaa vigumu ya huko inaitwa kwa jina lake. Lakini mwaka huohuo wa 1960 wataalamu wa Kisovieti waliondolewa China. Ushirikiano ulikatika katikati ya kazi, na Wachina wakalazimika kuanza na mikono yao.

Siku ya 6, kiwanda cha mashinikizo

Nimeandika kurasa nyingi leo. Naziacha kama zilivyo.

Banda ni refu, mwisho wake hauuoni vizuri. Mashine zimepangwa safu kwa safu, na kila moja ina mikono sita minene ya hidroliki: kulia, kushoto, mbele, nyuma, juu, chini. Wanaziita kwa kipenyo cha silinda: 650, 700, 800. Kwenye ncha ya kila mkono kuna nyundo ya kabaidi ya tungsteni. Fundi anaweka katikati mche mdogo wa jiwe laini la rangi ya waridi iliyofifia, kama sabuni ya kipande. Ndani ya mche huo kuna grafiti iliyochanganywa na unga wa chuma na nikeli. Mikono sita inasogea pamoja, kwa utulivu, mpaka mche hauonekani.

Halafu hakuna kinachotokea, kwa macho. Ndani, mgandamizo unafika zaidi ya mara 50,000 ya ule wa hewa tunayoivuta, na umeme unapasha mche hadi kama nyuzi 1,400. Jiwe lile laini linabanwa likajaa mianya kati ya nyundo, likaziba, presha isitoroke. Chuma kinayeyuka, kinayeyusha kaboni ya grafiti, kisha kaboni inajipanga upya. Kwenye grafiti imelala tabaka juu ya tabaka zinazoteleza, ndiyo maana penseli inaandika. Kwenye almasi kila atomu inawashika wenzake wanne pande zote, na hakuna pa kuteleza. Kaboni ni ileile.

Kwa chembe za viwandani kazi hii ni ya dakika. Mawe makubwa ya vito yanakaa ndani siku nyingi, na mkono mmoja ukisogea kidogo tu kuliko mingine, kazi yote inapotea.

Kinachotoka ni kitonge cheusi. Kinapondwa, kinachemshwa kwenye asidi, chuma na grafiti vinaondoka, zinabaki chembe za manjano. Umanjano unatokana na naitrojeni. Nilimimina kiasi cha kijiko kwenye kiganja. Zinateleza kama mtama uliopepetwa.

Niliyekuwa naye, fundi mkuu wa zamu, alinionyesha jinsi wanavyozichambua. Chekeche kwanza, kwa ukubwa. Kisha meza inayotikisika, ambapo chembe nzima zenye umbo zuri zinabingirika njia moja na vipande vinakwenda njia nyingine. Kisha sumaku, kwa sababu chembe iliyomeza chuma inavutwa nayo, na chembe hiyo ikipata moto itapasuka kutoka ndani. Mwisho, wanatia kiasi kidogo kwenye kapsuli pamoja na gololi ya chuma, wanatikisa, wanachekecha tena, wanaona ngapi zimebaki nzima. Zile zinazobaki nzima ndizo za kuchorongea jiwe gumu. Zinazovunjika vizuri nazo zina kazi yake, kwenye mawe ya kunolea, maana kila zikivunjika zinatoa makali mapya. Baba angekaa hapa siku nzima.

Tracy Hall aliondoka General Electric mwaka 1955 kwenda chuo kikuu cha Brigham Young. Serikali ya Marekani ikamzuia kuitumia mashine aliyoibuni mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa siri. Akabuni nyingine, ya nyundo nne. Wazo la kubana kutoka pande nyingi likasambaa, na Wachina wakaliendeleza na mikono sita mpaka likawa chombo chao cha kila siku. Leo zaidi ya asilimia 90 ya almasi za kutengenezwa duniani zinatoka China, na sehemu kubwa ya hizo ni za jimbo hili la Henan.

Siku ya 7

Mapumziko. Tambi pana za mchuzi wa kondoo, bakuli kubwa kama karai. Nimelala mchana.

Siku ya 8, maabara ya biti

Hii ndiyo siku niliyoisafiria.

Mhandisi ni mama wa umri wangu, nywele fupi, mikono ya mtu anayeshika vitu. Nilifungua khanga mezani. Hakuyagusa mawe mara moja. Alivuta kiti, akauliza kupitia kijana: "Mnazungusha mara ngapi kwa dakika? Mnaweka uzito gani? Maji lita ngapi? Drila anafanya nini biti ikianza kung'aa?"

Miaka minne tumeuziana bidhaa, na maswali haya yalikuwa hayajaulizwa. Nami nilikuwa sijawahi kuyajibu bila kuulizwa. Nikatoa daftari la drila wangu mmoja wa Geita, daftari la shule lenye mafuta ya grisi, aliloandika mita kwa mita: kina, jiwe, dakika, biti namba fulani. Alilifungua kwenye meza akaanza kulipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Mawe yalikaa pembeni zaidi ya saa nzima. Kijana alisoma Kiswahili cha drila, akakigeuza Kichina, na kila alipofika kwenye neno "imelala" alinitazama. Nikamweleza: biti inazunguka lakini haikati.

Kisha akaniambia kitu ambacho natamani kila mwenye rigi akijue. Shida haikuwa almasi. Shida ilikuwa gundi, yaani mchanganyiko wa unga wa shaba, nikeli, chuma na kabaidi unaoshika almasi. Fikiria mbuzi ya nazi ambayo meno yake yamepangwa tabaka kwa tabaka ndani ya chuma. Meno ya mbele yakichakaa, chuma kinachoyashika lazima kilike ili meno mapya yachomoze. Jiwe la mchanga la Kigoma linakwaruza sana, kwa hiyo gundi inatakiwa iwe ngumu, vinginevyo almasi zitadondoka zikiwa bado nzima. Jiwe la chuma la Geita, lenye ule ukanda wa kijivu, ni gumu na laini kwa mguso. Halikwaruzi gundi. Gundi ngumu juu ya jiwe hilo hailiki, almasi za mbele zinasagika, za nyuma zimefungiwa ndani. Jiwe gumu linataka gundi laini. Mimi kwa miaka minne, kila mteja akilalamika, nilikuwa naagiza biti "ngumu zaidi".

Mchana wakatengeneza biti ndogo za majaribio. Unga na almasi vinatiwa kwenye kalibu ya grafiti, vinabanwa na kupashwa hadi kama nyuzi 900. Ya kwanza ilikata jiwe langu kwa haraka ya kutisha, na ikaisha kwa haraka hiyohiyo. Mhandisi akatikisa kichwa, akabadili kipimo, akachagua pia chembe zilizopakwa titani ili gundi izishike vizuri. Ya pili ilikata polepole kidogo, na sauti yake ilikuwa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiwa na miaka kwenye kazi hii unaijua sauti hiyo. Nilisimama karibu, maji yakinirukia gauni.

Siku ya 9, Zhecheng

Wilaya hii iko mashariki, upande wa Shangqiu. Inajulikana kwa vitu viwili, pilipili na almasi. Viwanda vya unga wa almasi viko jirani na mashamba ya pilipili nyekundu.

Unga wa hapa ni laini kupita chekeche. Wanautenga kwa maji: chembe nzito zinazama upesi, nyepesi zinachelewa, unakinga kwa saa. Unatumika kusugua vioo na mawe ya elektroniki. Chembe zake zinabandikwa pia kwenye waya mwembamba unaokata silikoni za sola. Zile paneli zilizo juu ya mabati ya Sengerema na Ukerewe zimekatwa kwa waya wa namna hii. Mwenyeji wetu alisema siku hizi wateja wapya wanataka almasi kwa ajili ya joto: bamba lake linapitisha joto karibu mara tano kuliko shaba, nalo linafaa kupoza kompyuta kubwa. Almasi ya namna hiyo hukuzwa kwa gesi, njia ambayo Wajapani waliifungulia mlango mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Tuliongea pia jambo zito. Oktoba 2025 serikali ya China ilitangaza kwamba baadhi ya vifaa hivi, ukiwemo unga laini na waya za kukatia, vitahitaji leseni kuuzwa nje. Novemba ikasitisha utekelezaji kwa mwaka mmoja. Niliwaza Kasai. Miaka themanini iliyopita dunia ilihofia kutegemea mgodi mmoja, ikakimbilia maabara. Sasa maabara zenyewe zimekusanyika upande mmoja. Sisi tulio wadogo tunasikia mtikisiko kwanza, kwa sababu hatuna stoo.

Siku ya 10, Zhengzhou

Mazungumzo ya saa tano. Walitaka kuniuzia biti mia mbili. Nilitaka nane: mbili kwa kila jiwe, gundi nne tofauti, namba ya mchanganyiko ikiwa imechongwa kwenye shingo. Nitawatumia daftari kila mwezi, kwa safu alizozipanga mhandisi. Nilitaka pia vipengele vitatu, na hapo ndipo muda ulipokwenda. Kwanza, mchanganyiko uliotokana na mawe yetu na daftari letu usiuzwe Tanzania kwa mwingine kwa miaka miwili. Pili, leseni ikihitajika, wao ndio watakaoifuatilia. Tatu, wapokee fundi wetu mmoja kutoka Mwanza ajifunze miezi mitatu kwenye maabara ile, si kwenye ofisi ya mauzo.

La tatu ndilo lililowashangaza. Mhandisi, aliyekuwa amekaa kimya, aliongea kwa kirefu. Kijana alinitafsiria kwa ufupi: anasema kiwanda chake mwenyewe kilianza na watu waliopelekwa kujifunza. Wakasaini.

Mawe nimeyaacha. Ameyapanga kwenye rafu yake, kila moja na karatasi yake, majina kwa Kiswahili na Kichina.

Siku ya 12, Mwanza

Nimefika. Khanga imerudi tupu.

Siku ya 47, Geita

Biti namba 2-B, gundi laini, kwenye jiwe la chuma. Tulianza saa moja asubuhi. Drila ni yuleyule mwenye daftari. Mita tatu za kwanza hakunitazama. Kora ya kwanza, yaani kipande kirefu cha jiwe kinachotolewa shimoni, ilitoka nzima, mistari myekundu na myeusi imenyooka, msaidizi akailaza kwenye trei akaimwagia maji. Mita ya sita, ambapo biti ya zamani ilikuwa ikilala, alipunguza mzunguko akasikiliza. Sauti ilikuwa ileile ya maabara.

Saa saba mchana wakaivuta nje kuiangalia. Aliifuta kwa kidole gumba, akakisogeza kidole mbele na nyuma, akanipa niishike. Inakwaruza. Chembe mpya zimechomoza.

"Mita kumi na nne," akasema, akishuka kuirudisha shimoni. "Andika, mama, mimi mikono ina grisi."